Suruali ya Ndolo na Mbwa wa Mzee Githongo

Msinione nimetulia hapa Kitengela na bibi na watoto. Ndoa yangu iliokolewa na suruali iliyokuwa ikinianguka.

Mwaka wa 2002 nilienda kwa Mzee Githongo kumwomba binti yake, Nyakio. Suruali niliazima kwa rafiki yangu Ndolo, jitu la miraba minne. Mshipi nikasahau. Nilikuwa nimemaliza kozi fupi ya mifugo tu, lakini mbele ya wazee nikajiita daktari.

Mdomo huu!

Mbuzi akaliwa. Nikataka kuonekana mkarimu, nikamrushia mbwa wa mzee mfupa. Ukamkwama kooni. Akayumba, akaanguka, kimya.

"Musila, si wewe ni daktari?" mzee akauliza. "Huyo mbwa akikufa, hata wewe enda tu nyumbani."

Nilihisi Nyakio akiniponyoka. Nikauchomoa mfupa, nikamlaza mbwa kwa ubavu. Moyo ulikuwa umesimama. Nikamkandamiza kifua kwa uzito wangu wote, nikamlalia kama mtu anayefunga sanduku lililojaa.

"Ufizi bado ni mweupe, damu haifiki," Nyakio akasema akiwa amemfunua mbwa mdomo, karibu kulia.

Hapo suruali ikaanza kuteremka. Mbele ya mama mkwe! Ikawa nakandamiza, nainuka, naivuta, nakandamiza tena, mbio mbio, jasho likinitoka.

"Rangi ya ufizi inarudi!" Nyakio akapaza sauti.

Mbwa akakohoa, akavuta pumzi. Wazee wakapiga makofi, nami nikapokea sifa zote bila haya.

Kesho yake daktari wa mifugo wa kweli, Daktari Makena, akaja kumpima mbwa, nami nikiwepo. Nyakio akamsimulia yote, na suruali pia. Daktari akacheka mpaka akakaa chini.

"Ukikandamiza, presha kwa kifua inasukuma damu itoke. Ukiachilia, kifua kinafunguka, damu inarudi kwa moyo. Wewe mwanzo ulikuwa umemlalia tu. Damu ingerudi aje? Ni suruali ilikufanya uachilie."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamgeukia mzee nikijua yameisha.

"Kijana, nilijua wewe si daktari tangu uketi," akasema. "Na nilikuwa nimeamua kukunyima huyu msichana. Lakini mtu anapigania roho ya mbwa wangu na bado anakumbuka kumheshimu mama ya Nyakio? Huyo ni mkwe."

Kwa hivyo ndugu zangu, unayempenda mshike kwa nguvu, lakini uwe unamwachilia. Hata moyo hujaa ukiachiliwa.

Na mkienda kwa wakwe, vaeni mshipi.