Jino la Nyamizi na Gundi ya Dukani

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya, kana kwamba bado nimesimama pale na trei mkononi. Nilikuwa msichana, msaidizi katika kliniki ya meno hapa Tabora mjini. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kaseko, mtu wa Sikonge, mpole, asiyependa kelele. Chini yake alikuwepo Kulwa, tabibu kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Tulikuwa na mgonjwa, Nyamizi, binti wa Puge aliyekuwa akisoma mjini. Alikuwa amewekewa vyuma vya kunyoosha meno, vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye kila jino kwa gundi na kuunganishwa kwa waya. Kipande cha jino moja la mbele kilikuwa hakikai. Kulwa akikibandika, kinabanduka.

"Umetafuna michembe," Kulwa alimwambia mbele ya mama yake.

"Sijala, kaka. Tangu mlivyonikataza sijaigusa."

"Mtu wa Puge akose michembe? Si utakufa njaa?"

Mama yake alicheka kwa aibu, kisha akamfinya mwanawe kwa kumjibu mkubwa.

Ni kweli, michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama vijiti vinaweza kubandua vyuma. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nashika taa. Nilimwona Kulwa akipiga soga huku mate yakilowesha jino alilokwisha kulisafisha kwa dawa. Gundi ile haishiki jino lenye unyevu. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nishike taa.

Siku nyingine akanituma maji ya kusukutua. Niliporudi, kipande kilikuwa kimeshika, na hakikubanduka tena. Kulwa akajisifu wiki nzima.

Meno yaliponyooka, ukafika wakati wa kuvitoa vyuma. Vingine vyote vilibanwa kidogo kwa koleo vikaachia, jino likabaki zima. Kile kimoja kikagoma. Kulwa akakiminya, akakipindua, akavuta. Kikatoka na ganda la jino. Nyamizi alishika shavu, machozi yakamtiririka mpaka shingoni.

Mzee Kaseko alikichukua kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akaona ule weupe ulionata nyuma yake.

"Gundi gani hii?"

"Ya dukani, mzee. Ya kwetu ilikuwa haishiki, kwa sababu ya michembe."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia Mzee akipaza sauti. "Gundi yetu ina kazi mbili. Ishike mtoto anapokula ugali wake, na iachie siku ninapotaka iachie. Yako inajua kushika tu. Ulishindwa kukausha jino, ukamwita binti wa watu mwongo, kisha ukamvunja jino ili usionekane umeshindwa."

Halafu akamgeukia Nyamizi. "Mwanangu, hukula michembe. Tusamehe."

Mama yake, yule aliyemfinya, akajifunika uso kwa khanga.

Jino lile lilizibwa, lakini ganda la jino halioti tena. Nyamizi alizoea kucheka mkono ukiwa mdomoni, na mpaka leo anacheka hivyo.

Sasa naona vibanda vya urembo sokoni vinawabandika wasichana vyuma vya pambo kwa gundi ya kucha, wapendeze kwenye picha za sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Na wewe umo, mwanangu, una kibanda chako. Umeniambia usoni, "Bibi, hii gundi yangu haibanduki hata uvute." Unanitajia ubaya wa kitu ukidhani unakisifia.

Basi nisikilize. Acha leo. Wale uliokwisha kuwabandika usiwavute kwa mkono wako. Wapeleke kwa daktari wa meno, uende nao, useme mwenyewe umetumia gundi gani. Ukiharibu kazi yoyote, usitafute michembe ya kuisingizia. Na kabla hujabandika chochote kwenye mwili wa mtu, jiulize kitatokaje.

Nimekufokea kwa sababu nakupenda. Mungu akupe mkono mtulivu na moyo wa kukiri mapema, na kila binti atakayepita mikononi mwako aondoke anacheka mdomo wazi.