Zulia la Zamu ya Mama

Harufu ya nywele zilizoungua haiwapendezi wengi. Wateja wangu huziba pua kitana cha moto kinapopita karibu na ngozi ya kichwa, na wengine hunisihi nifungue mlango hata kama nje kuna vumbi la Kayole. Mimi huinamisha uso nikaendelea na kazi, maana harufu hiyo ikiniingia huwa sipo tena kibandani. Huwa niko Majengo, barazani kwa mtu aliyekuwa akifuma mazulia. Nina umri wa miaka tisa, na mama yangu amekufa.

Wateja sijawahi kuwaambia. Mimi si mtu wa maneno. Hata haya nayaandika polepole, mistari michache kila jioni, baada ya kufagia.

Tulikaa Jericho, mtaa wa Nairobi, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Baba alifanya kazi reli. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, na Mama aliisugua kwa nta nyekundu kila Jumamosi mpaka ikang'aa kama kiatu cha askari. Iling'aa, lakini ilikuwa baridi. Mwezi wa Julai ungeweza kuisikia kupitia soksi. Nilikuwa na kifua kibovu, na Mama aliamini kikohozi changu kilitoka chini, kikapanda kwa miguu. "Sakafu hii inakula watoto," alisema, kisha akanitandikia leso yake nikae juu yake.

Wanawake wa mstari wetu wa nyumba walikuwa na chama. Kila mwezi walichanga, na mmoja wao akanunuliwa kitu alichokitaka. Hawakumpa mtu pesa mkononi, kwa sababu pesa mkononi, walisema, zinajua njia ya kwenda kwa bwana wa nyumba na kutoka kwake kwenda baa. Walinunua kitu chenyewe, wakakileta kwa nyimbo mpaka mlangoni. Mama Wambui, aliyeuza mboga soko la Jericho na ambaye sauti yake ilifika kabla yake, alikuwa amepata kabati la vyombo. Mama Otieno, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amepata cherehani. Zamu ilipomfikia Mama yangu, alisema anataka zulia. Si la kiwandani. Zulia la sufu, lililofumwa kwa mkono, litakalozeeka pamoja naye.

Katika chama hicho Mama ndiye aliyekuwa akipatana bei. Kabati lile alilinunua yeye, na cherehani pia, na kila mara wenzake walirudi wakisimulia jinsi alivyomshinda muuzaji bila kutoa jasho. Mimi nilikuwapo, kwa sababu alinichukua kila alipokwenda sokoni. Alikigeuza kitu akaangalia nyuma yake au chini yake. Muuzaji akataja bei. Mama akanyamaza. Akanyamaza tu, macho yake yako kwenye kitu, na mkono wake umeshika wangu kwa nguvu. Kiganja chake kililoa jasho, nami nikadhani ni joto la soko. Muuzaji akapunguza. Mama akazidi kunyamaza. Muuzaji akapunguza tena, akaapa kwa Mungu wake na kwa watoto wake, mwishowe akalia kwamba amenyang'anywa. Njiani Mama Wambui alikuwa akipiga makofi: "Huyu mama ni mwerevu! Mdomo umefungwa na mtu analipuka mwenyewe!" Mama akatabasamu akitazama chini.

Alikufa kabla ya kununuliwa zulia. Aliugua tumbo wakati wa mvua kubwa, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Tulimzika kwao Baba, magharibi, katika shamba la mahindi machanga, kisha tukarudi Nairobi kwa treni. Ya safari hiyo nakumbuka yai moja la kuchemsha ambalo lilikuwa mkononi mwangu tangu tulipopanda mpaka tuliposhuka. Sikulila wala sikulitupa.

Sikulia pia. Watu walinitazama wakingoja nilie. Shangazi alinifinya kidogo pale kaburini, nadhani kwa kunisaidia. Nilihisi kidole chake kama mtu anayegusa koti nililovaa. Na tangu siku hiyo sikusema, si kwa ukaidi, ila maneno yalikuwa mbali na kuyafuata ilikuwa kazi. Nilipewa chai, nikanywa, nikaungua ulimi, nikajua kwamba nimeungua kwa sababu kesho yake ngozi ilibambuka.

Jumamosi moja Mama Wambui na Mama Otieno walikuja wamevaa nguo za kutokea. Baba alikuwa kwenye kochi, na gazeti ambalo halikuwa la siku hiyo.

"Baba Nekesa, tumekuja kwa ajili ya zulia," alisema Mama Wambui.

Baba alisema mwenye zulia hayupo. Akasema pesa hizo wampe mwanamke mwingine, yeye hatalalamika.

"Zamu ni zamu," Mama Wambui alimjibu. "Haikufa. Sisi tunakwenda kulinunua, na tunaomba mtoto."

"Mtoto wa nini?"

Mama Otieno alitazama pembeni. "Shemeji, hakuna kati yetu anayejua kununua. Tulikuwa tukimwachia yeye. Nekesa alikuwa naye kila siku, labda ameona jinsi anavyofanya."

Baba alinitazama kana kwamba amekumbushwa kwamba nipo. Akasema, "Nendeni naye." Nilivaa viatu. Nilichukua leso ya Mama kwa sababu ilikuwa kwenye mkono wa kochi, na kwa sababu nilikuwa nimezoea yeye kuibeba tunapotoka.

Tulikwenda kwa miguu hadi soko la Gikomba, na njia nzima Mama Otieno alikuwa akimwonya mwenzake asiropoke. Haikusaidia. Kijana wa kwanza aliyekuwa ametundika zulia lenye picha ya tausi alimkaribisha Mama Wambui kwa tabasamu, naye akasema palepale, "Kijana, sisi tuna shilingi mia tatu, hatuna zaidi, hili ni pesa ngapi?"

"Woi, mama," kijana alisema akishika kifua, "Mungu ni mkubwa. Hili ni mia tatu."

"Limefumwa kwa mkono?"

"Mikono miwili, mama!"

Mama Otieno alikumbuka kuligeuza. Aliinama nyuma yake kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Nekesa, mama, mamako alikuwa anatafuta nini huku nyuma?" Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye pembe, ukavuta kitambaa kigumu cha nyuma, na kikatoka kama ganda la ndizi. Chini yake palikuwa na gundi iliyokauka.

"Mikono miwili na gundi," alisema Mama Wambui. Kijana alitufuata hatua kadhaa akitupigia kelele kwamba mtoto huyo ameharibu mali ya watu.

Aliyetuelekeza Majengo alikuwa mwanamke wa viazi. Alisema yuko fundi mmoja, Musa, mwenye kufuma sufu barazani kwake. Manyunyu yalianza tulipofika, na sufu ikipata unyevu hunuka kondoo mzima, kwa hiyo tuliifuata harufu mpaka mlangoni. Fundi Musa alikuwa mtu mzima mwembamba mwenye kofia nyeupe iliyotariziwa, ameketi mbele ya mtambo wake wa mbao wa kufumia. Alitukaribisha kama wageni wa nyumbani. Mama Otieno alipomwuliza amejifunzia wapi kazi nzuri kiasi hicho, alijibu bila kupepesa macho:

"Jela, mama. Chakula kibaya, lakini walimu wazuri."

"Jela ya nini?" Mama Wambui aliuliza.

"Ya zamani," alisema fundi, naye akaendelea kupitisha uzi.

Lilikuwapo moja lililokamilika, limekunjwa kwenye benchi. Alilitandika. Halikuwa na tausi wala simba. Lilikuwa na mistari ya rangi za kondoo wenyewe, nyeupe, kahawia na nyeusi, na ukingoni vifundo vidogo vilivyofungwa kimoja kimoja. Alichomoa uzi mmoja, akawasha kiberiti, akauchoma mbele ya pua zetu. "Nailoni huyeyuka ikawa tone," alisema. "Hii nusa. Si nywele?" Ilikuwa nywele kabisa. Hata Mama Wambui akajishika kichwani.

"Haki ya Mungu, hili ni zuri!" alisema kwa sauti, na Mama Otieno akafumba macho, maana hata mimi nilijua kwamba kitu hakisifiwi kabla ya bei.

Bei ikawa mia nne na nusu.

Walijaribu. Mama Wambui alisema ana watoto. Fundi akasema naye anao. Mama Otieno alisema barabara ni ndefu na mvua inakuja. Fundi akasema ndiyo, na kondoo wa sufu hii walitoka mbali kuliko Jericho. Hakuwa na ukali. Alishuka hadi mia nne, akasema chini ya hapo atakuwa amefuma bure, na wale wanawake wawili wakabaki wametazamana. Kisha Mama Otieno alinisukuma taratibu mgongoni. "Panda, mama. Liguse kwa miguu."

Nilivua viatu nikasimama juu yake. Niliinua pembe nikaangalia nyuma, kwa sababu ndivyo mikono yangu ilivyozoea, na nyuma palifanana na mbele, uzi kwa uzi.

"Enhe, mama mdogo," fundi aliniambia. "Wewe wasemaje?"

Sikusema kitu. Nataka mnielewe vizuri: sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nimesimama nimeshika leso, natazama mstari mweusi, na ndani yangu hamkuwa na bei wala zulia. Mvua ikaanza kugonga mabati.

"Basi, tatu na nusu," alisema fundi.

Nilimsikia kama redio ya nyumba ya pili. Mama Wambui alikuwa ameweka kiganja mdomoni mwake mwenyewe. Fundi alirekebisha kofia. Alishika uzi, akauacha.

"Mtoto huyu ananitazama kama hakimu aliyenifunga," alisema. "Haya! Mia tatu. Mchukueni na zulia lake kabla hajaniongezea miaka."

Mama Wambui alipiga kigelegele kilichowatoa watoto milangoni. Alinikumbatia, akaniinua, viatu vyangu mkononi mwake. "Ni mamake mtupu! Umeona? Ni mamake mtupu! Hajafungua mdomo!"

Fundi alicheka pia. "Na huyo mama mwenyewe yuko wapi, nimjue nimkimbie?"

Kigelegele kilikatika. Mama Otieno ndiye aliyemwambia, kwa sauti ndogo, kwamba tumemzika juzi, na kwamba zulia ni la zamu yake. Fundi Musa alitazama zile noti alizokwisha kupewa. Alizitenga mbili, akazisogeza upande wetu. Mama Wambui akazirudisha.

"Hapana, fundi. Wenzake wote walinunuliwa. Na yeye amenunuliwa."

Hakubishana. Alilikunja zulia, akalifunga kwa kamba ya katani, akaingia ndani kututafutia karatasi ya nailoni ya kulikinga na mvua.

Jericho walilipokea kwa nyimbo, kama vitu vingine vyote. Walisogeza meza, wakalitandika juu ya ile sakafu nyekundu, wakaketi juu yake kwa zamu, wakanywa chai, na mmoja akaomba. Baba alishukuru. Kwa wiki nyingi baadaye alipita kandokando ya ukuta ili asilikanyage, na zulia likabaki jipya katikati ya nyumba kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia ajisikie nyumbani. Mimi nilitandika leso sakafuni, pembeni yake, nikakaa hapo. Usiku nilipopitiwa na usingizi mtu alinihamisha. Niliamka asubuhi nikiwa juu ya sufu, miguu yangu imepata joto. Nililijua lile joto, lakini halikufika mbali.

Maneno yalirudi baadaye, kidogo kidogo, kama maji ya mfereji yaliyokatwa. Hayakurudi yote. Mama Wambui bado yuko sokoni, amezeeka, na bado anawasimulia wateja wake habari za Mama Nekesa na werevu wake, na jinsi bintiye alivyomnyoa fundi wa jela bila wembe. Nikiwa karibu hunishika mkono na kunionyesha kwa watu. Nami nilimwamini. Niliamini kwamba Mama alikuwa na siri ya biashara, na kwamba siku ile nilimwiga bila kujua.

Mwaka huu nilikwenda Gikomba kununua jiko la kupashia moto vitana vyangu. Nilichagua moja, nikaligeuza nikaangalia chini. Mfua vyuma akataja bei. Ilikuwa kubwa, nami nilitaka kumwambia hivyo. Nilitafuta jinsi ya kuanza. Nilifikiri niseme "kaka", kisha nikaona huenda atanicheka, nikafikiri niseme "punguza kidogo", na ulimi ukawa mzito, na watu walikuwa wakipita, na uso wangu ukawa moto. Nilikaza macho kwenye jiko ili nisimtazame.

Akapunguza. Nikawa bado natafuta neno la kwanza. Akapunguza tena.

"Dada, wewe ni mjanja," alisema akicheka. "Umenimaliza kwa kimya."

Nilipofungua mkono nimpe pesa, noti zilikuwa zimeloa. Kiganja changu chote kilikuwa jasho, na haikuwa siku ya joto. Nilisimama pale nikakitazama mpaka mfua vyuma akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mama Wambui sitamwambia. Wacha aendelee kusimulia. Lakini miaka yote hiyo mimi nilidhani Mama alinishika mkono ili nisipotee sokoni.