Nimepigwa picha ya mpagani ilhali nimebatizwa

Mwalimu Yohana, huna haya.
Nimekulea tangu una kamasi, na leo umenifanya kichekesho.

Jamaa wa Engutoto, sikieni.
Asubuhi huyu Yohana kaja kwangu na Mzungu wa misheni mwenye sanduku la picha. "Shangazi, vaa ile ngozi yako ya zamani na shanga, tukupige picha."
Nikavaa. Ngozi yenyewe siku hizi nawatandikia kuku.
Nilidhani ni ukumbusho wa wajukuu.

Kisha akamvika binti yake Nai gauni jeupe, akamshikisha kitabu cha nyimbo, naye akapigwa picha.
Nikauliza picha zinakwenda wapi.
"Ulaya, shangazi. Kwenye picha wewe ni mpagani, Nai ndiye Mkristo."

Nikamwambia mimi nilibatizwa Pasaka iliyopita. Nai bado yuko darasa la ubatizo, na Baba Yetu humshinda katikati.
"Lakini shangazi, Nai ana meno, wewe kibogoyo."

Basi huko Ulaya wataniombea niokoke, watu wasionijua.

Yohana, kesho kabla ya ibada lete kile kioo cha ndani ya sanduku la picha kilichonasa sura yangu, ukivunje mlangoni pa kanisa, waumini wote wakitazama.