Mashine iliyopima damu ya Wawira

Leo mashine imenitetea mbele ya mama mkwe.

Amekuwa akisema maziwa yangu ndiyo yanafanya macho ya mwanangu Wawira yawe manjano, nimwachishe kunyonya.

Leo daktari katuita. Damu ya mtoto ilipelekwa ng'ambo kwa mashine inayopima uzito wa protini, na sasa akatupa majibu.

"Protini zinazobeba hewa kwenye damu hushikana nne nne. Zake zina kasoro, zinaachana, damu inavunjika, ndio macho yanakuwa manjano. Ugonjwa ni wa kurithi, utabaki naye, lakini maziwa hayana makosa. Anyonye."

Mama mkwe akanigeukia. "Kumbe ni damu ya kwenu!"

"Ama ya kwenu, mama," daktari akasema. "Tutawapima wote."

Mama mkwe akauliza sindano ni kubwa aje.

Jamani, mngemjibu nini?

Mimi sikucheka, sikulia. Nilifungua tu blauzi hapo benchini, Wawira akanyonya.