Siku Miguu Yangu Ilipomkimbia Mkwe

Nyie chekeni tu, chekeni mmalize kabisa, maana najua kila mwenye simu hapa Mpanda ameshaiona ile video, mpaka wateja wanaoniletea simu zilizopasuka kioo wanaanza kwa kuniuliza "fundi, mkwe hajambo?", sasa bora niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa kuliko kuendelea kuisikia ikitiwa chumvi (eti nilipanda juu ya bati, mimi sikupanda bati lolote).

Chanzo ni semina. Kuna bwana mmoja alikuja mjini kufundisha mambo ya akili na mabadiliko, kiingilio bure na soda juu yake, nikaenda kwa ajili ya soda. Nikatoka nimelewa maneno. Alisema imani nyingi tulizonazo si zetu, tulilishwa tukiwa wadogo, na ubongo ukiulisha kitu kipya kila asubuhi nao unazoea, unakuwa mtu mwingine. Nikaona huyu ananisema mimi. Maana mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe nikiwa bado nabebwa mgongoni, na kwetu huwezi kukutana uso kwa uso na mama wa mkeo. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia porini, yeye naye anageukia upande wake anajifunika khanga, mnapishana kama hamjaonana, na jina lako hawezi kulitamka wala wewe la kwake. Ndiyo heshima, na nimeifanya tangu nimeoa bila kuuliza.

Sasa mke wangu Kabula alikuwa na mimba ya kwanza, amekaribia, na alichokuwa anaomba ni kimoja tu, mama yake awe karibu siku hiyo ikifika. Mama yuko Kakese, sisi hapa mjini tumepanga vyumba viwili, mlango mmoja, choo kimoja. Wazee wana utaratibu wao wa kuiondoa ile aibu, unapeleka mbuzi na kitenge, watu wanakaa, maneno yanasemwa, mnaruhusiwa kusalimiana, lakini baba mkwe akasema tusubiri mavuno. Mavuno! Tumbo linasubiri mavuno ya nani? Nikamwambia Kabula amwite mama yake aje, mimi hiyo imani nimeshaitoa kichwani.

Akaniangalia. "Umeitoa lini?"

"Wiki nzima najifundisha mbele ya kioo. Nanyoosha mkono, nasema shikamoo mama, karibu nyumbani."

"Kioo siyo mama yangu, Masele. Wewe juzijuzi umesikia sauti yake kwenye simu tu, ukanyanyuka ukatoka nje."

(Kweli nilitoka, lakini hiyo ilikuwa kabla ya semina.)

"Usinifanyie mchezo na hili," akasema. "Nikimkosa mama siku hiyo, sitakusamehe."

Nikamwambia awe na amani, hili niachie mimi. Mama yake aligoma, Kabula akalia kwenye simu, mwisho mama akasema kama huyo mwanaume ameweza, basi na yeye atajikaza.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini si mnajua mdomo uliponza kichwa? Nikatangaza kwenye lile kundi letu la semina la WhatsApp kwamba Jumamosi, stendi, mchana kweupe, navunja mazoea ya mababu, kisha nikamwomba rafiki yangu Sadi wa bodaboda aje arekodi ili wengine wajifunze. Sadi akaja na kijiwe kizima.

Mkwe akashuka kwenye gari la Kakese, kikapu kichwani, kuku mkononi. Nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa, nikajiambia mimi ni mtu mpya, nikaenda mkono mbele, huku Sadi ananisindikiza kwa nyuma, "twende kaka, twende hivyo hivyo." Nilikuwa nimeshakaribia kabisa. Akainua macho, tukaonana.

Jamani, mimi sikuamua chochote. Kichwani nilikuwa bado nasema shikamoo, ila miguu ilishageuka zamani, na nilipojitambua nimeshainua turubai la banda la mama lishe na kujitupa ndani kwa magoti, nyuma ya masufuria. Nikajibanza, nikamshukuru Mungu. Kumbe mkwe naye alikuwa amejikaza kama mimi na miguu yake ikamgomea kama yangu, akazunguka lile banda, akaingia kwa nyuma ameinama, khanga usoni, haoni mbele. Tukagongana vichwa! Nikakaa ndani ya beseni la maharage (yalikuwa yamelowekwa tu, yangekuwa ya moto sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine), kuku akarukia kwenye unga, mkwe akapiga ukunga "Mayuu!" kama mtoto anayemlilia mama, akakimbilia mlangoni, na mimi mlangoni, akageukia upande wa pili, na mimi nimeshageukia huko huko, yaani kila tukikimbiana tunakutana, na mwenye banda anatupiga wote wawili kwa mwiko.

Nikachomoka mbio, suruali inachuruzika. Sasa mwanaume anatoka bandani mbio, mwanamke ndani anapiga kelele, tena stendi, mnadhani watu walisema nini? "Mwizi!" Jamaa mmoja wa kubeba mizigo akanidaka ukosi, nikajikuta chini, na tayari kuna mtu ameokota fimbo. Na Sadi, badala ya kusema huyu namfahamu, anarekodi!

Aliyeniokoa ni mkwe. Akatoka, akatugeuzia mgongo, akajifunika gubigubi, akasema akiwa ameangalia ukutani, "Mwacheni huyo. Siyo mwizi."

"Unamjua, mama?"

"Namjua."

"Anaitwa nani?"

Akaivuta khanga zaidi usoni. Mimi pale chini naogopa kufa, na jina langu analo mdomoni, nalijua analo, nikamwomba Mungu alitoe mara moja tu basi.

"Mbona humtaji? Anaitwa nani?"

"Siwezi," akasema. "Huyo ndiye amemuoa mwanangu."

Mzee mmoja katika ile kadamnasi, Msukuma mwenzetu, akashika kichwa. "Nyie mwacheni mtoto wa watu! Huyo anamkimbia mkwe wake!" Stendi nzima ikaangua kicheko. Fimbo ingekuwa afadhali.

Mkwe hakufika nyumbani kwangu. Alipanda gari lile lile, akaacha maagizo kwa mama lishe kwamba binti aende akajifungulie kwao. Niliporudi Kabula alikuwa ameshafagia kile chumba cha pili na kutandika kitanda. Akaangalia maharage kwenye suruali yangu, nikampa maagizo ya mama yake, akaanza kukunja nguo zake. Kesho yake akaondoka.

Bado nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Yule bwana wa semina hakudanganya, ubongo unazoea kweli, ila wangu ulikuwa na miaka mingi ya kuacha njia na wiki moja tu ya kioo, na hesabu hiyo hakuna aliyenifanyia. Na tena ile haikuwa imani yangu peke yangu niitoe nikijisikia, tulikuwa tumeishika wawili. Mimi nimeapa, nikijiona nimebadilika siku nyingine nitanyamaza, nitakwenda kwanza kumuuliza yule ninayeshirikiana naye hayo mazoea, na Sadi simtaki na simu yake.

Nilifika Kakese wameshatoka kituo cha afya. Mtoto wa kike. Sasa kwao mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke, na mle chumbani yupo mkwe anamwogesha, kwa hiyo baba mtu nikasimama nje ya ua, kwenye jua, na kilo ya sukari mkononi. Baba mkwe ananionea huruma, ananiambia mbuzi nimlete hata wiki hii, mavuno tuyaache. Ndani mtoto akaanza kulia, kasauti kakali, kana hasira kuliko mimi.

"Baba mtoto!" Kabula akapaza sauti toka ndani. "Unamsikia?"

"Namsikia!"

"Haya, ndiye huyo."