Zima, Hesabu Kumi, Washa

Mtu akikaa kazini miaka kumi na tisa, jina alilopewa na wazazi wake hubaki kwenye orodha ya mishahara tu. Huyu fundi wa kompyuta wa shirika la maji aliitwa Zima-Washa, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi kwa wakubwa wa ghorofa ya tatu, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na dawa yake. Simu ikilia chumbani kwake, katikati ya mashine zilizovuliwa vifuniko na nyaya zilizofungwa kwa mipira, na mhasibu akilalamika kwamba kompyuta yake imeganda, jibu lilikuwa lile lile.

"Zima. Hesabu kumi. Washa."

"Nimefanya hivyo, imegoma."

"Umehesabu kama mtu anayekimbia mvua. Zima tena, hesabu polepole."

Na kweli, mara tisa katika kumi mashine ilipona. Ile ya kumi aliibeba mwenyewe kwapani, akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga, nayo ikapona. Watu walimpenda. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini dawa yake inatibu, wala yeye hakujiuliza. Hilo si kosa dogo kama linavyoonekana. Wengi wetu tunaishi hivyo: tunajua pa kubonyeza, hatujui tunachobonyeza, na siku ya kuulizwa hutukuta mikono mitupu.

Siku yake ilikuja kwa waraka. Mkuu mpya wa idara alibandika karatasi ukutani kwamba kila fundi awe na stashahada ndani ya miaka miwili, na asiye nayo atahamishiwa ghala la mita. Ghala hilo lilikuwa nyuma ya jengo: chumba kisicho na dirisha, mita kuukuu za maji zimepangwa hadi darini, na stuli moja. Ilisemekana mtunza ghala wa zamani alifikia kuzungumza na mita. Zima-Washa alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na cheti kimoja cha kozi ya wiki sita, alichokipata enzi ambazo kompyuta zilifunikwa kitambaa jioni kama mgonjwa.

"Unahangaika nini?" fundi mwenzake alimwambia. "Kuna jamaa anazichapa hizo stashahada. Muhuri wake unang'aa kuliko wa kweli."

"Nitundike nini ukutani, uongo wenye fremu?"

"Utundike chochote, ilimradi usitundikwe wewe ghalani."

Hakwenda kwa huyo mchapaji. Alikwenda chuoni, kwenye darasa la Jumamosi, akaketi kwenye kiti chenye kimeza kilichopigiliwa kwenye mkono wa kiti, kimeza ambacho kilimgusa tumboni kila alipovuta pumzi. Wenzake walikuwa vijana wa umri wa kuwa watoto wake. Mwalimu wa mifumo ya kompyuta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkali, msafi wa maneno, na siku ya kwanza tu walitatizana kwa salamu. Mwalimu alipoingia, Zima-Washa alisimama wima kama mwanafunzi yeyote. Mwalimu alipoziona mvi zake akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu," akasema, kisha akaona haya kuitikia shikamoo akiwa amesimama mbele ya mwalimu wake, akaketi, kimeza kikambana, darasa likacheka. Kiranja wa darasa, kijana mrefu mwenye mdomo, akasema, "Mzee, hapo umezima au umewasha?" Kumbe sifa zake zilikuwa zimeshamtangulia.

Mwaka na nusu alikwenda vizuri. Kazi za vitendo alizipita kwa alama ambazo vijana hawakuziota. Kisha ukaja mtihani wa katikati ya muhula wa mwisho, katika somo la huyo mwalimu. Swali la kwanza lilisema: mtumiaji analalamika kwamba kompyuta yake, iliyowaka tangu asubuhi, imekuwa nzito, eleza kwa nini. Zima-Washa alitabasamu. Akaandika kwa herufi nzuri: *Azime. Ahesabu hadi kumi. Awashe.* Akapiga mstari chini, akaenda swali la pili.

Karatasi ilirudi na alama mbili kwa ishirini. Pembeni, kwa wino mwekundu: *Umejibu afanye nini. Nimeuliza kwa nini.*

Jioni ile aliiweka karatasi mezani mbele ya mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa sebuleni, na mazungumzo yote ya nyumba ile yalipita juu ya mlio wake.

"Mama Mapacha, nimetibu mashine za watu miaka kumi na tisa. Leo naambiwa sijui ugonjwa."

Mkewe aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu. "Na unaujua?"

"Siujui."

"Basi mwalimu hajakutukana." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Mteja mjinga hulisifu gauni kwa uso. Mimi fundi hulipindua nikatazama mshono wa ndani. Huyo dada amekupindua, Baba Mapacha. Shona ndani."

Ilimuuma, lakini alishona. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaandika juu yake maneno mawili tu, *Kwa nini*. Kila saa ya chakula alijifungia na mashine zake zilizo uchi akasoma. Tatizo ni kwamba akili iliyozoea mkato huchoka haraka kwenye njia ndefu. Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho alikuwa bado hajaelewa jinsi kompyuta inavyogawa kumbukumbu yake kwa programu zinazoigombania, na bila hilo hakukuwa na kufaulu, na bila kufaulu kulikuwa na stuli ghalani.

Jumamosi iliyofuata, wakati wa mapumziko, karani wa mitihani alimshika mkono kwenye ukumbi. Alikuwa mama mnene mwenye roho nzuri na miwani ya kamba.

"Baba, si wewe ndiye fundi? Kompyuta yangu imeganda, na nina vitu vya kuchapa. Niokoe."

Alikwenda. Skrini ilikuwa imekwama kwenye weupe mtupu. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe wenyewe, kama mkono wa mlaji uendavyo mdomoni. Akabonyeza, akahesabu kumi polepole, akawasha. Karani, alipoona taa inawaka, alishusha pumzi, akatoka kumchotea maji ya kunywa.

Hapo ndipo dawa ilipomgeukia tabibu. Mashine iliamka, na programu ya kuandikia ikajifungua yenyewe pamoja na faili lililokuwa wazi kabla ya kuganda. Lilikuwa mtihani wa mwisho wa mifumo ya kompyuta. Jicho halina komeo. Alikuwa ameshasoma maswali matatu kabla hajatambua anasoma nini, na la pili lilikuwa lile lile la kugawa kumbukumbu, limeandikwa kwa mfano wake na namba zake.

Aliizima skrini, akabaki amesimama kama mtu aliyemfumania mtu, kumbe amejifumania mwenyewe.

"Imepona?" karani aliuliza mlangoni, ameshika gilasi.

"Imepona, mama."

"Mungu akuzidishie."

Alikunywa maji yale, akashukuru, akatoka. Hakusema neno. Na hili lisemwe bila kumwonea haya: kuona hakukuwa kosa lake, kunyamaza kulikuwa. Siku ya Jumapili alifungua kitabu kwenye sura nyingine kabisa, lakini kila alipozinduka vidole vyake vilikuwa vimekwishafika kwenye ukurasa wa kugawa kumbukumbu. Akajiambia kwamba hata hivyo angeusoma tu. Akajiambia kwamba hakutafuta, ameletewa. Akajiambia kwamba akisema, yule mama atapata matatizo kwa kumwacha peke yake na mashine. Hiyo ya tatu ilikuwa kweli, ndiyo maana alikaa nayo muda mrefu zaidi. Hakuna kivuli kizuri cha kujifichia kama huruma kwa mtu mwingine.

Kufika jioni swali la pili alikuwa analijua kwa moyo, na hapo ndipo alipogundua kitu kilichomtia baridi. Alijua jibu la namba zile tu. Alipojibadilishia namba, alikwama.

"Unasoma au unaimba?" mkewe aliuliza toka kwenye cherehani. "Nimesikia mstari mmoja mara ishirini."

Akamweleza yote. Cherehani ikanyamaza.

"Nikisema, yule mama ataandikiwa barua," akamalizia. "Na mtihani watautunga upya, mgumu zaidi. Nikishindwa, ni ghalani."

"Na usiposema?"

"Nitafaulu."

"Utafaulu kwa dawa ile ile," mkewe alisema. "Zima, hesabu, washa, na hujui kwa nini. Ada ya miaka miwili ilikuwa ya nini, basi?"

Jumatatu aliomba ruhusa ya saa mbili kazini, akaenda ofisini kwa mwalimu, akasimama mlangoni mpaka alipoambiwa aketi.

"Mwalimu, nimeuona mtihani wako. Maswali matatu ya kwanza."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alimsikiliza hadi mwisho, na uso wake haukulainika. "Leo ni Jumatatu. Umeuona Jumamosi."

"Ndiyo."

"Siku mbili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naukariri."

Mwalimu akavuta droo, akaitazama karatasi ya mtihani. Kisha akasema, "Mzee wangu, karatasi ile nimeitunga wiki tatu. Ungenyamaza nisingejua maishani."

"Wewe ndiye uliyeniandikia *kwa nini* kwa wino mwekundu. Ningejibu lile swali, halafu uniulize kwa nini nalijua, ningekujibu nini?" Akaongeza, "Yule mama karani hana kosa. Mimi ndiye fundi. Fundi anayejua kazi humwambia mwenye mashine akae hapo hapo aitazame ikiamka."

"Kosa analo," mwalimu alisema, "na wewe unalo. Nenda kazini."

Mtihani ulisogezwa wiki moja mbele, na darasa likawaka moto. Sababu haikutajwa, ila tetesi hazingojei kutajwa. Kiranja alisimama mbele ya ubao akazungumza kama wakili.

"Kuna mtu kaona karatasi, kisha kaenda kujishtaki. Nina safari yangu, nimeshalipa nauli. Nikimjua huyo mtakatifu..."

"Ni mimi," alisema Zima-Washa kutoka kwenye kimeza chake.

Kiranja alimtazama muda, hasira ikabadilika ikawa kitu kama huzuni.

"Mzee, uliona maswali matatu?"

"Matatu."

"Ukakaa nayo siku mbili, na sisi hatuna hata moja?"

Darasa likaangua kicheko, na kiranja naye akacheka mwisho, shingo upande. Karani hakucheka. Alipata barua ya onyo, na tangu siku hiyo akimwona Zima-Washa ukumbini alivua miwani yake akaifuta hadi apite. Fundi aliwahi kwenda kumwomba radhi. Mama yule alimsikiliza, akasema, "Sawa, baba," akarudi kwenye kazi yake. Kweli ina gharama, na mara nyingine anayeilipa si yule aliyeisema. Zima-Washa alilibeba hilo, na ni haki alibebe.

Lile juma la nyongeza alilitumia lote. Hakuwa na namba za kukariri tena, kwa hiyo ilimbidi aelewe. Alichukua sahani za nyumbani akazifanya kumbukumbu, watoto wake mapacha akawafanya programu, akawapa sahani, akawanyang'anya, wakagombana kwelikweli, na katikati ya ugomvi ule akaona. Programu hukopa nafasi ikasahau kurudisha, nyingine ikakosa, mashine ikawa nzito. Ukizima, sahani zote hurudi kabatini. Aliketi sakafuni akacheka peke yake. Miaka kumi na tisa alikuwa anarudisha sahani kabatini.

Jumamosi ya mtihani aligeuza karatasi. Swali la kwanza lilisema hivi: *Kompyuta ya ofisi fulani iliganda. Fundi aliizima, akahesabu hadi kumi, akaiwasha. Mashine ikawa nyepesi, lakini faili lililokuwa wazi likarudi na kumwonyesha asichotakiwa kuona. Eleza kwa nini mashine ilipona, na kwa nini faili halikupotea.*

Aliinua kichwa. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani, mikono nyuma, kama mtu asiyehusika.

Aliandika kurasa tatu. Alieleza kuhusu kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na diski ambayo haisahau, ambamo programu ya kuandikia huweka akiba kila baada ya dakika chache bila kumuuliza mtu. Neno sahani lilimponyoka mara moja, akalikata. Kwenye swali hilo alipata kumi na saba kwa ishirini. Kwenye mtihani wote, hamsini na nane, na hamsini ndiyo iliyokuwa mstari. Si alama za kutangaza, ila kila moja aliijua ilikotoka. Ghalani alipelekwa fundi mwenzake, ambaye stashahada yake, mkuu wa idara alipoipigia simu chuoni, hakupatikana mtu aliyewahi kuisikia.

Siku ya kwanza baada ya matokeo, simu ililia kutoka ghorofa ya pili.

"Zima-Washa, imeganda tena," alisema mhasibu. "Nizime?"

"Usizime. Kabla haijaganda ulikuwa umefungua nini na nini?"

Upande wa pili ukaguna.

"Eh, kaka," mhasibu akasema, "hicho chuo kimekuharibu." Kisha, kwa uchovu, akaanza kumtajia moja baada ya jingine.