Lugha Aliyoongea na Ng'ombe

Mimi hufundisha Kiingereza katika chuo kimoja cha ualimu mjini Migori. Muhula wa kwanza huwa ni istilahi tu: fonimu, mofimu, rejista, lafudhi, lugha ya kwanza, lugha ya pili. Wanafunzi huchoka mapema. Ati mwalimu, haya maneno yatatusaidia na nini? Subira sina, kwa hivyo huwaambia wakariri kwanza, faida wataiona mbele. Siku niliyofundisha afazia, yaani mtu kupoteza lugha kwa sababu ubongo umeumia, nilitoa mfano wa mzee mwenye lugha tatu aliyepata kiharusi akabaki na ile ya utotoni peke yake. Hutokea, nikawaambia, ingawa si kwa kila mtu. Kisha nikafuta ubao nikaenda kunywa chai.

Muhula huohuo mama akaanguka.

Alikuwa akiishi karibu na Kendu Bay, kwenye boma la marehemu baba. Alianguka akitoka kukama, na kaka yangu akamkimbiza hospitalini Homa Bay. Nilipofika nilimkuta yuko macho, mkono wa kulia umelala tu juu ya shuka, na anaongea. Anaongea bila kupumzika, huku akitutazama mmoja mmoja. Hatukuambulia hata neno.

Sista wa zamu alisema amechanganyikiwa, tumpe muda. Siku ya Sabato wakaja akina mama wa kanisa lake. Walimsikiliza kidogo, wakatazamana, wakamzunguka na kuanza kukemea pepo. Wao wanapandisha sauti, na mama naye anapandisha yake. Niliwafukuza. Watu wazima na Biblia zao mkononi, niliwafukuza wote hadi kwenye korido, na wakirudi leo nitawafukuza tena. Kaka yangu alinikasirikia sana, akasema nimemtia aibu mbele ya kanisa zima. Kisha akamsikiliza mama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Si hiyo ndiyo ile lugha ya ng'ombe?"

Nikasogea kitandani nikamsikiliza upya. Ndiyo yenyewe.

Mama yetu alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha. Baba alimpata huko enzi za kazi yake ya tumbaku, akamleta kwetu ziwani, kwa Waluo. Kwetu, mke mpya hupikia kwanza jikoni kwa mama mkwe kabla hajapewa jiko lake mwenyewe, na nyanya yangu alikuwa na sheria moja jikoni mwake: hapa ni Dholuo. Ukimsalimu kwa lugha nyingine haitikii. Ukimwomba chumvi kwa lugha nyingine, hajasikia. Hakumpiga mama wala kumtukana, alinyamaza tu mpaka mama akajifunza. Na alijifunza haswa, hata wageni walidhani ni mzaliwa wa hapo. Sisi watoto hakutupa hata neno moja la kwao. Kikuria chake alimwekea ng'ombe. Alipokuwa akikama alimsemesha yule mnyama taratibu, habari ndefu ndefu, na sisi nje ya ua tukicheka kwamba mama anajua lugha ya ng'ombe. Naye alikuwa akicheka. Siku hizi nikikumbuka, najiuliza alikuwa akimweleza nini miaka yote hiyo, na roho inaniuma sana.

Basi pale wodini mimi peke yangu ndiye niliyejua jina la kitu kilichompata mama. Nilijua jina, nilijua maana yake, na mfano nilikuwa nao tayari. Lakini sikuweza kumpa hata maji, kama ni maji aliyokuwa akiomba.

Nikampigia mama mdogo, dada yake aliyebaki Kehancha, niliyewahi kumwona mara moja tu kwenye mazishi ya baba. Nilipomwekea mama simu sikioni aliisukuma kwa hofu. Mama mdogo akasema basi, nitakuja mwenyewe. Kesho yake aliingia wodini na vumbi la barabara kwenye viatu, akavuta kiti, akaushika ule mkono uliolala. Mama alimtazama, na uso wake ukalegea. Wakaongea, na mimi nikabaki nimesimama miguuni pa kitanda.

Mimi na mama mdogo tunaelewana kwa Kiswahili, hatuna lugha nyingine. "Mama mdogo," nikamwuliza, "anasema nini?"

Alichukua leso akajipangusa kwanza.

"Huyu hajachanganyikiwa, mwanangu. Anaongea sawasawa kabisa. Anauliza hapa ni kwa nani. Anasema watu wa hapa ni wazuri, wanamlisha, wanamfunika, lakini amewasemesha tangu afike na hawamwitikii. Anauliza amewakosea nini."

Nilitoka nje nikalia, na sikujali nani ananiona. Niliporudi nilimwomba mama mdogo anifundishe kusema, mimi ni mtoto wako, nimekusikia. Akayasema polepole. Mimi ninayesahihisha lafudhi za watu, ulimi ulinigomea. Akanirudisha nyuma, tena na tena, mpaka akasema haya, jaribu sasa.

Nikainama karibu na mama nikayasema. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyekuja kusalimia. Kisha akageuka akamwambia dada yake jambo fulani, na mama mdogo akainamisha kichwa.

"Amesema nini?"

"Amefurahi umemwitikia."

"Na nini tena?"

"Anauliza wewe ni mtoto wa nani."

Nikarudia maneno yaleyale, kwa sababu sikuwa na mengine. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akafumba macho. Alifariki kabla sijajifunza sentensi ya pili.